TRANSISTA ZA NGUVU NA ADUI YAO, JOTO

Somo kwa mafundi wa redio, na kwa kila mtu apendaye kujua

Watu wengi wa nchi yetu walilijua neno transista kabla hawajakijua kitu chenyewe. Zile redio ndogo za kuchukuliwa mkononi zilipoanza kuenea mwishoni mwa miaka ya 1950, watu waliziita transista, na wazee wengine huziita hivyo hata leo. Walakini transista si redio. Ni kipande kidogo kilichomo ndani ya redio, chenye miguu mitatu, ambacho kazi yake ni kuuwezesha mkondo mdogo wa stima uutawale mkondo mkubwa.

Somo letu la juma hili halihusu transista zile ndogo kama punje ya mahindi, bali ndugu zao wakubwa: zile zisukumazo spika za kanisani na za mikutano, na zile zifunguazo na kufunga mkondo wa betri za jua, wa mota, na wa taa za motokaa. Hizo ndizo transista za nguvu. Fundi aziharibuye hupoteza fedha, na mara nyingi hupoteza pamoja nazo spika ya mteja wake au mali nyingine iliyo ghali kuliko transista yenyewe. Karibu kila mara chanzo cha hasara hiyo ni joto. Lakini joto hilo laweza kuhesabiwa kwa kalamu na karatasi kabla ya kulehemu hata waya mmoja, na hesabu yake haizidi kuzidisha na kujumlisha. Mtu aliyefika darasa la saba ataiweza.

ASILI YAKE

Transista ya kwanza ilifanya kazi mwezi wa Desemba 1947 katika maabara ya Bell huko New Jersey, Marekani. Waliohusika ni mabwana watatu, John Bardeen, Walter Brattain na William Shockley, nao walipewa Tuzo ya Nobel ya fizikia mwaka 1956. Kabla ya hapo kazi ya kukuza sauti ilifanywa na taa za kioo zilizotolewa hewa ndani, ambazo hazikuweza kufanya lolote mpaka waya wao wa ndani umepashwa moto. Ndiyo sababu redio za zamani zilikula betri kubwa upesi sana, na mwenye redio aliihesabu saa ya kusikiliza kama mtu ahesabuye unga wa kiangazi.

Transista za mwanzo zilitengenezwa kwa madini yaitwayo jemaniamu. Madini hayo yana udhaifu mmoja: yakifika joto la nyuzi 90 au 100 hivi za sentigredi, huanza kuupitisha mkondo bila ya kuamriwa. Mwaka 1954 kampuni ya Texas Instruments ilianza kuuza transista za silikoni, na silikoni huvumilia nyuzi 150, nyingine hata 200. Kwa redio ndogo tofauti hiyo si kubwa sana. Kwa transista ya nguvu ni tofauti ya uhai na mauti.

Mwanzoni mwa miaka ya 1960 kampuni ya RCA ilitoa transista ya silikoni iliyopewa jina la 2N3055. Imekaa ndani ya kifuniko cha chuma chenye umbo la yai lililobanwa, na pembeni ina matundu mawili ya skrubu. Hadi leo hupatikana madukani, na fundi asiyeijua kwa macho ni vigumu kumpata. Nasi tutaifanya kuwa mfano wetu, kwa kuwa anayeielewa hiyo moja atazielewa nyingine zote.

Miguu yake huitwa emita, besi na kolekta. Emita na besi ni zile pini mbili zilizo chini. Kolekta ni kile kifuniko chenyewe. Mkondo mkubwa huingia kwa kolekta na kutokea kwa emita, ila hauendi mpaka besi ipewe mkondo wake mdogo. Ukiipa besi kidogo, mlango hufunguka kidogo; ukiipa zaidi, hufunguka zaidi.

KLACHI YA LORI

Sasa tulitazame jambo lililo kiini cha somo hili. Dereva wa lori akiwa amesimama Limuru mlimani, naye amekanyaga klachi mpaka chini, klachi haipati moto, kwa kuwa injini na magurudumu vimeachana kabisa. Akiiachilia kabisa na lori likaenda, pia haipati moto, kwa kuwa vimeshikana kabisa. Lakini dereva mjinga ambaye huiacha klachi nusu, apate kulisimamisha lori mlimani bila ya breki, haukawii muda kabla abiria hawajaisikia ile harufu wanayoijua wote. Klachi huungua pale katikati, inaposhika na kuteleza kwa wakati mmoja.

Transista ni vivyo hivyo. Ikiwa imefungwa kabisa, mkondo haupiti, wala hakuna joto. Ikiwa imefunguka kabisa, mkondo hupita mwingi, lakini volti zinazobaki juu yake ni chache, na joto ni dogo. Ikiwa nusu, volti zimebaki juu yake na mkondo nao unapita ndani yake. Hapo ndipo huchemka. Kanuni ni hii: chukua volti zilizo baina ya kolekta na emita, uzizidishe kwa ampea zinazopita, utapata wati za joto.

Na tuitie kanuni hiyo katika mfano. Mfugaji wa kuku ana mashine ya kuangulia mayai, yenye waya wa kupasha joto wa omu 3, nayo yatumia betri ya volti 12. Waya ukipewa volti zote 12 huchukua ampea 4, yaani wati 48. Fundi mmoja aweka transista ya 2N3055 na kuiacha nusu, ili waya upate volti 6 tu. Mkondo utakuwa ampea 2. Waya utapata wati 12, na transista nayo itachukua volti 6 mara ampea 2, ambazo ni wati 12 vilevile. Nusu ya stima ya mfugaji yapashia moto transista badala ya mayai!

Fundi wa pili huifungua transista kabisa kwa muda mfupi, kisha huifunga kabisa, tena na tena, hata joto la wastani liwe lile linalotakiwa. Transista ikiwa imefunguka, kwa mkondo wa ampea 4 hubaki nayo kiasi cha volti 1. Joto lake ni kiasi cha wati 4, na hizo ni kwa ule wakati tu ambao imefunguka. Kazi ni ileile na transista ni ileile, ila mmoja ataka bamba kubwa la kupozea na mwingine atosheka na dogo.

KAZI YA KUKUZA SAUTI

Mtu atauliza, ikiwa nusu ni hatari, kwa nini tusizitumie transista zote kwa kufungua na kufunga tu? Jibu ni kwamba sauti ya mtu haina ndiyo na siyo peke yake. Hupanda na kushuka kama mawimbi, na transista itakayoifuata sauti hiyo yapasa kupita katika kila hali iliyo kati ya kufungwa na kufunguka. Kikuza sauti cha kawaida, basi, ni klachi iliyoachwa nusu kwa makusudi, na kazi ya fundi ni kuhakikisha kwamba haiungui.

Kuna njia mbili za zamani za kufanya hivyo. Tuseme tuna betri mbili za motokaa zilizofuatanishwa kufanya volti 24, na spika ya omu 8. Sauti yaweza kwenda volti 12 juu na volti 12 chini, na kwa hesabu spika itapata wati 9 na si zaidi. Wenye maduka wanaoandika wati 200 kwenye sanduku la namna hiyo wangefaa kuulizwa hizo nyingine zitoka wapi.

Katika njia ya kwanza, iitwayo daraja A, transista mbili zasaidiana, na zote hupitisha mkondo wakati wote, hata mhubiri akiwa amenyamaza. Ili kufikia hizo wati 9 zinahitaji mkondo wa ampea 0.75 usiokoma, na volti 24 mara 0.75 ni wati 18. Angalia ajabu yake: spika ikilia kwa nguvu zote, wati 9 kati ya 18 hutoka kama sauti, na transista hubaki na 9 tu. Kukiwa kimya, zote 18 hubaki kwenye transista. Kikuza sauti cha daraja A huwa na joto zaidi kisipofanya kazi. Fundi akipimaye kwa dakika mbili huku muziki ukilia, kisha akampa mwenyewe, hajakipima.

Katika njia ya pili, daraja B, transista moja huishika sauti inapopanda na nyenzake huishika inaposhuka, kama watu wawili watwangao kinu kimoja. Kukiwa kimya zote mbili hupumzika. Kwa kikuza sauti chetu cha wati 9, joto kubwa kabisa la transista mbili pamoja kwa hesabu halifiki wati 4. Spika halisi si waya mtulivu kama ule wa mayai, hivyo ni busara kuzidisha hesabu hiyo mara mbili. Hata hivyo twabaki mbali sana na zile wati 18.

Lakini daraja B lina kilema chake. Transista ya silikoni haianzi kufunguka mpaka besi yake ipate kiasi cha volti 0.6. Kwa hiyo pale sauti inapovuka kutoka kwa transista moja kwenda kwa nyingine, pana kitambo ambapo hakuna aliyeushika mchi. Sikio huusikia mwanya huo, hasa sauti ikiwa ndogo: maneno hukwaruza kama yapitayo katika karatasi. Dawa yake ni kuzipa besi zote mbili volti hizo mapema, ili kila transista ikae imefunguka kidogo sana na kupitisha mkondo mdogo.

Nayo dawa hiyo huleta ugonjwa, na ugonjwa huo umeua transista nyingi kuliko radi. Silikoni ikipata joto, hutaka volti chache zaidi za kuifungua. Hupungua kiasi cha sehemu 2 za elfu za volti kwa kila nyuzi moja. Basi transista hupata joto, hufunguka zaidi kidogo, mkondo huongezeka, joto huongezeka, hufunguka zaidi tena. Na mambo huendelea hivyo hata moshi uonekane. Mafundi huizuia kwa njia mbili, nazo hutumiwa pamoja. Kwanza huweka resista ndogo sana, kama ya omu 0.33, katika mguu wa emita, ili mkondo ukiongezeka ujizuie wenyewe. Pili, kile kifaa kiamuacho volti za besi, kiwe dayodi au transista ndogo, hufungwa juu ya bamba lilelile lenye transista za nguvu, kikalisikia joto lao na kuzipunguza volti kadiri linavyopanda. Ukikuta kifaa kidogo kimefungwa kwa skrubu juu ya bamba na huoni faida yake, usikiondoe.

HESABU YA JOTO

Katika karatasi ya watengenezaji, 2N3055 imeandikwa ampea 15, volti 60, na wati 115. Wengi husoma namba hizo kama mtu asomaye bei sokoni, wakadhani zote ni zao. Zidisha 15 kwa 60 na utapata 900. Transista ya wati 115 haitachukua wati 900 hata kwa kufumba na kufumbua. Maana yake ni kwamba yaweza kupitisha ampea 15 volti zikiwa chache, au kuzuia volti 60 mkondo ukiwa haba au haupo. Haiwezi yote mawili pamoja.

Hata zile wati 115 zina sharti. Zimehesabiwa kifuniko kikiwa nyuzi 25, nacho kitabaki hivyo kwa mtu awezaye kukitia ndani ya maji baridi yapitayo. Kifuniko kikifika nyuzi 100 ruhusa yako imeshuka kuwa wati 66. Kikifika nyuzi 200, huna hata wati moja.

Hesabu yenyewe yaenda hivi. Joto huzaliwa katika kipande cha silikoni kilicho ndani, na kutoka hapo hadi kifuniko, kila wati moja huongeza nyuzi 1.5. Kati ya kifuniko na bamba huwekwa karatasi ya ulanga, kwa sababu kifuniko ndicho kolekta na hakifai kugusana na bamba; hapo, ukipaka mafuta meupe ya kupitisha joto pande zote mbili, weka nyuzi 0.5 kwa kila wati. Kisha bamba lenyewe: kipande cha alumini chenye unene wa milimita 3, upana na urefu wa sentimita 10, kikisimama wima penye hewa, huongeza kiasi cha nyuzi 4. Jumla ni nyuzi 6 kwa kila wati.

Turudi kwa fundi wetu wa kwanza mwenye wati 12. Mara 6 ni nyuzi 72. Ndani ya sanduku lake, juani, hewa ina nyuzi 40. Silikoni itafika 112. Ni salama, na transista itaishi. Sasa tuondoe bamba. Bila bamba lolote, 2N3055 huongeza kiasi cha nyuzi 35 kwa kila wati, na 12 mara 35 ni 420. Haitafika huko, kwa maana itakuwa imekufa zamani. Na fundi asemaye kwamba alisahau tu yale mafuta meupe ajue kuwa hewa iliyobaki chini ya kifuniko ni kama blanketi.

KAZI YA KUFUNGUA NA KUFUNGA

Katika kazi hii kosa la kwanza ni uchoyo wa besi. Ili 2N3055 ifunguke kabisa kwa ampea 4, hupewa ampea 0.4 kwenye besi, yaani sehemu moja ya kumi. Ukiipa kidogo kuliko inavyotaka, hufunguka nusu, na hapo tumerudi kwenye klachi. Kutoka betri ya volti 12, mkondo huo hupatikana kwa resista ya omu 27. Lakini resista hiyo nayo hula wati 4 na zaidi kwa kazi ya kumshika mlinzi mlango tu. Ni ghali.

Kwa sababu hiyo, kwa kazi ya kufungua na kufunga, mimi simshauri tena mtu yeyote kuanza na 2N3055. Iko jamaa nyingine iitwayo mosfeti. Mohamed Atalla na Dawon Kahng waliionyesha katika maabara yaleyale ya Bell mwaka 1959. Mguu wake utawalao huitwa geti, nao umetengwa na mkondo mkubwa kwa ngozi nyembamba mno ya kioo. Geti haihitaji mkondo wa kudumu. Yataka volti tu. IRFZ44N, ambayo fundi wengi wa vifaa vya jua huijua, huzuia volti 55, na ikifunguka kabisa huwa kama waya wa omu 0.0175. Kwa ampea 4 za mashine yetu ya mayai, joto lake ni wati 0.28. Hata ikiisha kupata moto haitafika wati 1, na bamba halihitajiwi.

Ila geti yake hutaka kiasi cha volti 10 ili kufunguka kabisa. Vijana wengi siku hizi huiendesha kwa kompyuta ndogo itoayo volti 5, wakaona inawasha taa, wakafurahi. Kumbe imefunguka nusu. Kwa volti 5 yafaa IRLZ44N, ambayo herufi moja tu huitofautisha. Tena ile ngozi ya kioo hutobolewa na stima ya mwilini, ile ituchomayo tukivua sweta wakati wa ukavu. Gusa kwanza chuma kilichozikwa ardhini, ndipo uishike.

Kosa la pili ni kuisahau koili. Mota, feni, swichi ya koili na kila kitu chenye waya uliozungushwa hukataa mkondo wake usimamishwe ghafula. Aliyewahi kufunga bomba la maji kwa haraka na kuusikia mshindo ukutani ameshaijua habari hii. Transista ikifunga, koili huusukuma mkondo mbele kwa volti nyingi kupita kiasi, pengine mamia, na transista ya volti 55 hutobolewa papo hapo. Dayodi moja, iliyowekwa sambamba na koili na kuelekezwa kinyume cha mkondo wa kawaida, huupa mkondo huo njia ya kuzunguka mpaka ufe. Kwa swichi ndogo ya koili dayodi ya 1N4007 yatosha, nayo bei yake ni ya pipi chache.

Jambo la tatu ni la wale wafunguao na kufunga mara elfu nyingi kwa sekunde, kama ilivyo ndani ya mashine zigeuzazo stima ya betri kuwa ya volti 240. Kila mara mlango unapofunguka au kufungwa hupita katikati, japo kwa kitambo kidogo, na kila kitambo kina joto lake. Mara moja si neno. Mara elfu 50 kwa sekunde ni bili. Hivyo geti yapasa isukumwe kwa nguvu na kwa haraka, isipande polepole kama jogoo apandaye mti.

Hapa ndipo kazi zile mbili hukutana. Vikuza sauti vya siku hizi, hata vile vidogo vya kuunganishwa na simu, vingi ni vya daraja D. Ndani yake mosfeti hufunguka na kufungwa kabisa mara laki kadhaa kwa sekunde. Sauti ikipanda hukaa wazi muda mrefu zaidi, ikishuka muda mfupi zaidi, na koili na kapasita huulainisha mkondo huo kabla haujafika kwenye spika. Zaidi ya nane ya kumi ya stima hutoka kama sauti. Klachi imetolewa nusu, na bado lori lapanda mlima taratibu.

JINSI INAVYOKUFA

Yafaa fundi ajue kwamba transista ya nguvu ikifa kwa joto, mara nyingi haifi ikiwa imefungwa. Kile kipande cha ndani huyeyuka, kolekta na emita zikashikana, na mlango ukabaki wazi bila ya mtu wa kuufunga.

Hebu fikiri hayo katika mashine ya mayai. Mayai ya kuku hutaka nyuzi 37.5 hivi kwa siku 21. Transista ikifa siku ya 15, usiku, waya hupata wati zote 48 mpaka alfajiri, na mfugaji akifungua hukuta mayai yaliyopikwa. Mwenye akili huweka swichi ya pili, ile ya zamani ya chuma ijikunjayo kwa joto, iukate waya huo mashine ikipita nyuzi 39, bila ya kuiuliza transista. Kadhalika, katika vikuza sauti vikubwa visivyo na kapasita kati ya transista na spika, transista ikifa, volti zote za betri huingia katika spika moja kwa moja. Koili ya spika huungua, na karatasi yake pengine hushika moto. Fyuzi ya kiasi chake kwenye waya wa spika ni bima ndogo.

KUNUNUA NA KUPIMA

Kuna 2N3055 za uongo, zenye kifuniko kikubwa cha chuma na silikoni ndogo ndani yake. Maandishi hayatakusaidia, kwa kuwa kuandika ni rahisi. Ukinunua nyingi, itoe moja sadaka: ifunge kwenye bamba kubwa lenye feni, iendeshe nusu kwa volti 24 kupitia waya wa omu 3, ili ichukue volti 12 na ampea 4, yaani wati 48, kwa robo saa. Halisi, ikiwa bamba latosha, itavumilia. Ya uongo mara nyingi itakufa mapema, nawe utakuwa umepoteza moja badala ya kumi.

Kuipima iliyotolewa, weka mita yako kwenye alama ya dayodi. Waya mwekundu kwenye besi, mweusi kwenye emita, kisha mweusi kwenye kolekta: mara zote mbili usome 0.5 mpaka 0.7. Geuza waya, na mita isisome kitu. Kati ya kolekta na emita isisome kitu upande wowote, ikilia, imekufa. Katika kikuza sauti cha transista mbili, moja ikifa ipime na ya pili, pamoja na resista za emita na ile dayodi ya kwenye bamba, kwa kuwa mara nyingi hufuatana.

Ukiisha kuweka mpya, usiunganishe betri moja kwa moja. Chukua balbu ya taa ya lori, ya volti 24, uiweke katika waya wa betri, mkondo wote upite ndani yake kwanza. Spika isiwe imeunganishwa. Balbu ikimweka kidogo kisha ikafifia, kazi yako ni nzuri, nawe waweza kuitoa. Ikiwaka kwa nguvu na kubaki hivyo, zima mara moja, ukakague tena. Transista zako bado ni nzima.